KABURETA HIYO!

Kuna ugonjwa umeenea nchi hii, nao hautibiwi hospitali. Unaitwa "kabureta hiyo". Mpelekee fundi gari linalosita unapokanyaga mafuta uone. Hajakuuliza swali hata moja, hajafungua boneti, lakini hukumu imeshatoka: kabureta hiyo! Ukimuuliza amejuaje anakutazama kama umemtukana. Bisibisi iko mkononi. Baada ya nusu saa kabureta iko ndani ya karai la petroli, na wewe unahesabu hela za kulipa.

Nasema huu ni ugonjwa, na nataka kupigana nao hapa hapa kwenye kurasa hizi. Najua wapo watakaonuna. Watasema hili ni jarida la fasihi bwana, mambo ya spana yanatafuta nini humu? Subirini. Kwanza gari, ninyi nitawafikia.

Mimi ni kijana wa Mlali, huku chini ya milima ya Uluguru, njia ya kupandia Mgeta. Nilimaliza kidato cha nne nikapata matokeo ya kuficha. Mchana nashinda gereji ya chini ya mwembe, usiku naandika riwaya kwenye kauntabuku. Ubabaishaji ninaousema sikusimuliwa. Nimeuona kwa macho yangu na, tuambiane ukweli, nimeufanya kwa mikono yangu. Nusura uue wazee wawili.

GARI LENYEWE

Mzee mmoja mstaafu hapa kwetu ana Datsun 240Z. Wengi wenu mmeliona kwenye picha tu: milango miwili, pua ndefu, mgongo umeteremka kama wa samaki. Injini ni ya lita 2.4, silinda sita zimepangwa mstari mmoja, na kabureta mbili zimelala ubavuni. Yalianza kutengenezwa Japani mwaka 1969 hadi 1973. Hili Mzee alilirithi kwa kaka yake aliyefanya kazi Nairobi miaka mingi. Rangi yake ni ya chungwa, au niseme ilikuwa.

Kabla hujacheka kwamba ni chuma chakavu, nikukumbushe. Yale mashindano ya Safari yaliyoanza mwaka 1953 hayakuwa ya Kenya peke yake. Yalikuwa ya Afrika Mashariki nzima, na vumbi la Tanganyika, kisha Tanzania, lilikuwa sehemu yake. Ni tangu 1974 ndipo yalipobaki Kenya. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller waliyashinda kwa Datsun 240Z. Wa pili alikuwa Shekhar Mehta, kijana aliyezaliwa Uganda, naye ndani ya 240Z. Mwaka 1973 Mehta akarudi na Lofty Drews wakashinda, tena kwa shida ajabu, maana alama zao za adhabu zililingana na za Harry Källström wa Sweden aliyekuwa kwenye Datsun 1800 SSS.

Sasa fikiria fundi wa mashindano yale. Gari linaingia limejaa tope, dereva hana muda, linasita. Fundi yule angesema "kabureta hiyo" na kuanza kubahatisha spea moja baada ya nyingine, nani angemaliza safari? Ilibidi ajue kwanza, ndipo afungue. Gari lile lile la zamani tunalolicheka lilikuwa linadai akili. Sisi ndio tuliolishusha likawa la kubahatisha.

TULIVYOLIHARIBU

Siku ya kwanza Mzee alipokuja gerejini alieleza vizuri kabisa. Maneno yake nayakumbuka kwa sababu baadaye nilijuta kutoyasikiliza.

"Inakwenda vizuri tu, kijana. Lakini nikikanyaga mafuta kwa ghafla inakatika. Kama mtu aliyepaliwa. Halafu inaendelea."

Bosi wangu hakumwacha amalize. "Kabureta hiyo, Mzee. Iache hapa, urudi saa tisa."

Kazi nikapewa mimi. Nikazifungua kabureta zote mbili kwa mpigo, vyote nikavitia kwenye karai moja, nikaosha, nikapuliza, nikafunga. Oili nyeusi iliyokuwa ndani ya vile vikombe vya juu niliimwaga nikidhani ni uchafu. Nilijiona fundi kamili. Mzee akalipa, akashukuru, akaondoka.

Baada ya siku tatu akarudi. Sasa gari halikatiki tu, linazama. Ukikanyaga linatulia kama linafikiri, likikohoa kohoa, ndipo liamke. Bosi akasema basi ni plagi, na plagi si kazi ya gereji ya kijijini, apeleke mjini. Mjini fundi wa pili akabadilisha plagi sita, akabadilisha nyaya zake zote, akabadilisha na koili. Likabaki vile vile. Fundi wa tatu akaja na dawa ile inayopendwa na wababaishaji wote: ng'oa kabureta zote mbili, funga moja ya pikapu. Alitaka laki tatu. Mzee akasema atajipanga.

Hakupata nafasi ya kujipanga. Jumatatu moja alikuwa anampeleka Bibi kliniki ya presha Morogoro mjini. Mnaijua njia panda ya Sangasanga, pale njia ya Mlali inapoikuta barabara kuu ya Iringa. Barabara ile haina dogo. Malori yanayokwenda Zambia na Kongo yanapita pale, na dereva wa semitrela hawezi kusimama kwa sababu wewe umechungulia. Mzee akasubiri, akaona nafasi, akakanyaga mafuta. Gari likatoka hadi nusu ya barabara. Likazama.

Alisema alisikia honi kwanza, kisha akaona boneti la lori likijaza dirisha la upande wa Bibi. Dereva wa lori alikata kona akatumbukia pembeni kwenye majani, akarudi barabarani, akaenda zake. Mungu alikuwa pale. Bibi hakufika kliniki siku ile. Alikaa chini kando ya barabara akashikwa na kutetemeka.

Nilimwona Mzee jioni akija gerejini kwa miguu.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba mwanangu. Gari nimeliacha kwa mtu pale Sangasanga. Naliuza chuma."

Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. Usiku ule sikuandika hata mstari mmoja. Nililiona lile karai, na mikono yangu ikimwaga ile oili.

Kesho yake nikaenda kwake nikamwomba anipe gari siku mbili, bila malipo, na ikishindikana nitalisukuma mwenyewe hadi kwa wanunuzi wa chuma. Akanitazama muda mrefu. Kisha akanipa ufunguo.

KITABU NDANI YA BUTI

Jambo la kwanza nililolikuta ndani ya buti, chini ya tairi la akiba, ni kitabu cha ufundi cha gari lenyewe. Kimeliwa na unyevu pembeni lakini kinasomeka. Mafundi watatu walikuwa wamelishika gari lile, mimi nikiwa mmojawao, na hakuna aliyekifungua kitabu. Kipo pale pale, karibu kuliko spea yoyote! Nilikaa nacho na kamusi ya Kiingereza kwenye baraza ya Mzee mpaka taa ikaisha mafuta.

Nilichojifunza nakieleza hapa kwa lugha yetu, maana siamini kwamba ufundi una haki ya kujificha kwenye lugha ya watu.

Gari linalosita linasema. Tatizo letu ni kwamba hatuulizi. Je, linasita likiwa silensa? Hapana. Likiwa kwenye mwendo uliotulia? Hapana. Likipanda mlima polepole? Hapana. Linasita pale tu unapokanyaga kwa ghafla, likiwa baridi au moto. Basi kwa maswali hayo manne nusu ya washitakiwa wameachiwa huru. Chujio likiziba au pampu ya mafuta ikichoka, gari huishiwa nguvu unapolikaza muda mrefu. Halikupalii mara moja na kuendelea.

Linabaki lile tukio la sekunde moja. Nini hutokea unapokanyaga? Mlango wa hewa unafunguka. Hewa ni nyepesi, inaingia upesi. Petroli ni nzito, inachelewa. Kwa nukta moja injini inavuta hewa nyingi na petroli kidogo. Kabureta za magari kwa kawaida hupewa njia ya kuziba pengo hilo. Nyingi zina pampu ndogo inayorusha tone la petroli unapokanyaga. Hizi za 240Z hazina pampu. Zina pistoni inayopanda na kushuka ndani ya kikombe, imebeba sindano inayoziba na kuzibua jeti. Ndani ya shina la pistoni hiyo kuna oili, na kazi ya oili ni kuichelewesha isipande kwa pupa. Inapochelewa, mvuto juu ya jeti unakuwa mkali na petroli inavutwa zaidi. Pengo linazibwa.

Mnaona sasa? Ile oili niliyoimwaga nikaiita uchafu ndiyo iliyokuwa dawa ya kusita.

Nikafungua vifuniko. Vikavu kabisa, vyote viwili. Nikatia oili nyepesi ya injini, namba 20, maana ukitia nzito kama ya gia pistoni inakuwa mzembe na gari linalemewa na petroli. Nikainua pistoni moja kwa kidole nikaiachia. Ilitakiwa ishuke laini na kugota chini kwa mlio. Haikugota, ilikwaruza. Ya pili hali kadhalika. Kitabu kikanipiga kofi tena: kila pistoni na kikombe chake ni mke na mume, wametengenezwa pamoja, usiwachanganye. Mimi niliviosha kwenye karai moja nikafunga chochote kilichoingia mkononi. Nikabadilishana vikombe. Pistoni zikashuka zikagota, moja baada ya nyingine.

Nikanyunyizia maji kwenye maungio ya kabureta na injini kutafuta mahali hewa inapopenya kwa wizi. Mlio haukubadilika, basi gasketi nzima. Nikasikiliza mdomo wa kila kabureta kwa mrija wa maji uliowekwa sikioni, nikarekebisha mpaka zote zikavuma sawa. Kisha nikainua pistoni kidogo sana, milimita moja tu. Injini ikiongeza mwendo na kubaki juu, petroli imezidi. Ikitaka kuzima, petroli ni haba. Ikipanda kidogo na kurudi, mambo sawa. Ikapanda kidogo, ikarudi.

Nikaingia barabarani kwa furaha. Nikakanyaga. Kule kuzama kumekwisha, hakupo tena. Lakini likakatika. Kama mtu aliyepaliwa. Halafu likaendelea.

Nilisimamisha gari nikacheka peke yangu kama kichaa. Nilikuwa nimetibu ugonjwa niliouleta mwenyewe. Ule aliokuja nao Mzee siku ya kwanza ulikuwa pale pale, haujaguswa na mtu.

KUKATIKA SI KUZAMA

Hapo ndipo maneno ya Mzee yaliponirudia. Alisema "inakatika". Sisi tukasikia "inasita" tukaona ni yale yale. Si yale yale! Petroli ikipungua gari huzama, hulegea, huja taratibu. Moshi mweusi nyuma ukuambie imezidi, kukohoa kwenye kabureta kukuambie ni haba. Lakini kitu kinachokatika ghafla na kurudi ghafla, kama mtu anayezima na kuwasha swichi, hicho ni umeme. Mzee hajui kabureta wala distribyuta, lakini alichagua neno lililo sahihi. Mafundi watatu hatukujua maana yake.

Nikafungua distribyuta. Pointi nikazipima, nafasi yake inatakiwa iwe kati ya milimita 0.45 na 0.55, nayo ilikuwa sawa. Plagi mpya, koili mpya. Kwa nini basi likatike pale tu unapokanyaga?

Kuna mrija mwembamba unaotoka kwenye kabureta hadi kwenye kifuko kilichobandikwa ubavuni mwa distribyuta. Ndani ya kifuko kuna kiwambo cha mpira. Mguu wako ukibonyeza mafuta, mvuto kwenye mrija unabadilika, kiwambo kinalivuta bamba lililobeba pointi, na cheche inawahi au kuchelewa kadiri injini inavyohitaji. Yaani ndani ya distribyuta kuna kitu kinachotembea kila unapokanyaga.

Nikachomoa mrija, nikauziba kwa skrubu, nikarudi barabarani. Nikakanyaga. Likaenda! Nikakanyaga tena kwa hasira, likaenda. Nikaurudisha mrija, likakatika. Jaribio hilo halikunigharimu hata senti. Lakini halikuwa tiba, maana gari lisilo na mrija huo litakunywa petroli bure. Lilikuwa swali, na gari lilikuwa limejibu.

Nikafunua kifuniko cha distribyuta, nikauweka mrija mdomoni, nikavuta pumzi huku naangalia. Bamba likasogea kama inavyotakiwa. Nalo liliposogea, likavuta waya mfupi wa athi unaoliunganisha na mwili wa distribyuta. Kwa nje waya ni mzima. Nikaushika kwa vidole nikauvuta polepole. Ukarefuka. Waya mzima haurefuki. Ndani ya ganda nyuzi zote zilikuwa zimekatika isipokuwa mbili au tatu, na kila bamba lilipogeuka nyuzi hizo ziliachana, umeme ukapotea, kisha zikagusana tena.

Nikaweka waya mwingine wa nyuzi nyingi nyembamba, maana ukiweka waya mgumu utakatika tena. Kazi ya robo saa.

Mzee alikaa upande wa abiria tukaenda mpaka Sangasanga. Nikasubiri lori lipite, nikaingia barabara kuu. Gari liliondoka kama limeitwa. Mzee hakusema kitu mpaka tulipofika Mindu, ndipo akaweka mkono juu ya dashibodi akanyamaza tena.

MNAOBISHA

Nawasikia wenye kubisha. Wa kwanza anasema: haya ni mambo ya kizamani, leo nani ana kabureta? Magari ni ya kompyuta. Ndugu yangu, toka nje. Pikipiki ngapi zinapanda Mgeta kila siku kuchukua mboga Nyandira, na ngapi kati yake zina kabureta? Bodaboda anayesita kwenye kona ya mlima akiwa na matenga mawili nyuma yuko pale pale alipokuwa Mzee. Baadhi ya pikipiki hizo zina kiwambo cha mpira ndani ya kabureta, kikitoboka tundu dogo inasita, na fundi anauza kabureta nzima. Mwingine anasita kwa sababu petroli ya kwenye chupa imechanganywa na mafuta ya taa. Uchakachuaji huo si hadithi, ndio uliofanya EWURA waanze kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010. Dereva maskini hajui, analipa kabureta, kesho ananunua mafuta kwenye chupa ile ile.

Na hayo magari ya kompyuta? Ugonjwa umehamia humo na koti jipya. Fundi anachomeka mashine, mashine inasema sensa fulani, anabadilisha sensa fulani. Mashine imesema sensa inalalamika. Haikusema kwa nini inalalamika. Waya uliokatika ndani ya ganda upo kwenye gari la 1971 na upo kwenye gari la mwaka jana. Badala ya "kabureta hiyo" tunasema "sensa hiyo". Kubahatisha ni kule kule.

Wa pili anasema: fundi naye ana njaa, mteja halipi mawazo, analipa spea. Huyu ana hoja, simpuuzi. Nimekaa chini ya mwembe, najua. Ukimwambia mteja "nimetumia siku mbili, kosa ni waya wa urefu wa kidole", anakupa hela ya soda. Ukimwonyesha boksi la spea mpya anafungua pochi. Wateja, nanyi mmechangia! Mnapenda kuona kitu kinang'aa. Lakini njaa yangu hainipi ruhusa ya kumtuma mtu na mkewe mbele ya lori. Kama nataka kulipwa kwa kufikiri, lazima kwanza nifikiri, tena mbele ya macho ya mteja, nimwonyeshe mrija, nimwonyeshe waya unavyorefuka. Mzee alinilipa. Alilipa zaidi ya nilivyotaja, kwa sababu alikuwa ameona.

SASA NINYI WENZANGU

Nilisema nitawafikia. Sisi vijana wa kauntabuku, tunaosoma jarida hili na kuota majina yetu juu ya jalada, tuna kabureta hiyo yetu. Mswada ukisita, tunasema sina msukumo. Tunabadilisha jina la mhusika, Juma anakuwa Jerry. Tunahamisha hadithi kutoka kijijini tunaipeleka Masaki ambako hatujawahi kulala hata siku moja. Tunaongeza bastola. Hizo ni plagi na koili. Mhariri naye anarudisha kazi na maneno mawili, "haina mvuto", na hasemi inakatika wapi. Fundi wa mjini kabisa.

Riwaya yangu ilikuwa imekwama sura ya nne kwa miezi minane. Nilikuwa nimeibadilisha kichwa mara tatu. Baada ya gari la Mzee niliisoma kwa maswali, mstari kwa mstari: inasita wapi hasa, wakati gani, inazama au inakatika? Nikagundua inakatika kila mahali baba wa mhusika wangu anapoingia. Kila akiingia namtoa haraka, kwa sababu simjui, na simjui kwa sababu sijathubutu kumwangalia baba yangu mwenyewe. Hilo haliponi kwa kuhamia Masaki. Sijalimaliza, sisemi uongo. Lakini sasa najua waya ulipo.

Na wale wanaosema spana si fasihi, nawauliza: neno "inakatika" la Mzee, lingesikilizwa siku ya kwanza, lingewaokoa watu wawili na honi ile. Mtu ambaye kazi yake ni maneno hawezi kuniambia hilo halimhusu. Tunaandika kurasa mia juu ya mapenzi ya watu wasiokuwepo, na fundi wa mtaani kwetu hana ukurasa mmoja wa Kiswahili unaomweleza kwa nini pistoni ya kabureta inatiwa oili. Aliyesoma angalau mpaka kidato cha nne anaweza kukaa na kamusi akauandika. Mimi nimeanza. Nina madaftari mawili, moja la riwaya na moja la magari, na siku hizi sijui lipi linanifundisha kuandika zaidi.

Wenye magari na pikipiki, nawaomba jambo moja. Fundi akisema "kabureta hiyo" kabla hajauliza inasita lini, chukua ufunguo wako uondoke. Mafundi wenzangu, msimwage kitu ambacho hamjui kazi yake. Nami nimeshamwambia bosi wangu hivyo hivyo, kwa heshima, na bado hatusalimiani vizuri.

Anayebisha na aandike. Kurasa ni zetu sote.